Gesi Nzito

Kabla ya kwenda kuzamia ziwani Rumonge, Nassoro alipita Gitega kumwona mdogo wake Zuena. Mkononi alivaa saa nene kama kiberiti. Ni kompyuta ya wazamiaji: humwambia mtu kina alichofika, hewa iliyobaki na hatari inayomnyemelea.

"Tunaenda kutoa mota ya boti iliyozama," alisema, wakiwa wameketi uani kwa Mama Anisia, aliyempangisha Zuena chumba. "Iko mbali chini. Mi ndiye nitaifunga kamba."

Alimwonyesha kwenye saa kumbukumbu za mazoezi yake ya kuzamia. Zuena, aliyekuwa akisomea ualimu wa fizikia, akaona mstari wa njano.

"Na hii, kaka?"

"Ah, hiyo! Inasema gesi iko nzito. Ni habari nzuri. We hujui chupa ya gesi ya jikoni? Ukiinua ukakuta nzito, si iko imejaa?"

Mama Anisia alicheka, akasema hata yeye hupima hivyo hivyo. Zuena hakucheka.

"Kaka, siyo uzito wa chupa. Ukishuka, maji yanakandamiza hewa unayovuta mpaka inakuwa nzito mapafuni. Unaivuta kwa shida, na ile chafu haitoki yote. Inabaki, inakulevya humo humo majini."

"Professeur, mwalimu wetu! Mi nimeshuka mara ngapi? Nimekufa?"

Zuena alikuwa msichana wa kunyamaza hata anapolijua jibu. Siku hiyo aliinuka. Kwa Mama Anisia ilikuwapo mirija ya kunywea impeke, ile pombe ya mtama. Akaomba mmoja mpya, usiogusa pombe. Akajaza vikombe viwili vya uji: kimoja uji mwepesi kama maziwa, kingine ule mzito ulioshinda sufuriani tangu asubuhi.

Cha kwanza Nassoro alikimaliza mara moja. Cha pili, mashavu yalibonyea, mishipa ya shingo ikasimama.

"Sasa zunguka uani mbio huku unavuta. Na pua uibane."

Hakumaliza hata mzunguko. Aliinama, akihema na kucheka. "We unataka kuniua!"

"Hapa unaweza kuutema mrija, kaka. Kule utatemea wapi?"

Nassoro akaacha kucheka.

Nassoro akaenda zake Rumonge, na Zuena akarudi nyumbani Muyinga kwa sikukuu ya Idi. Baba yao, Mzee Hamadi, fundi cherehani pale sokoni, alikuwa akimshonea Nassoro kanzu, na safu nzima ya maduka ilikwisha kusikia kwamba mwanawe atatoa mota ziwani. Simu ya Nassoro haikupatikana. Zuena alishona vifungo, akavifumua, akavishona tena.

Jioni ya kuamkia Idi, Nassoro akatokea, begi begani. Zuena alijikuta amesimama, sindano bado mkononi.

"Plongeur, mzamiaji wetu!" alipiga kelele Uthmani, muuza vitambaa wa jirani. "Mota iko wapi?"

"Iko chini bado. Niliiona kabisa. Lakini saa iligeuka njano, halafu nyekundu, na mi nikasikia navuta kama ule uji. Nikarudi juu. Bosi ameagiza gesi nyepesi, tutajaribu tena." Akajikuna kichwa. "Wenzangu wananiita Uji."

"Uji!" Uthmani aliangua kicheko. "Hamadi, ulituahidi simba, ndiyo huyu?"

Mzee Hamadi alikata uzi kwa meno, akaikung'uta kanzu, akaipima kwenye mabega ya mwanawe. Ilimkaa sawasawa.

"Uthmani, mota inavaa kanzu?"

Kisha akamgeukia Nassoro.

"Na nani alikufundisha mambo ya uji?"

Nassoro akaelekeza kidevu kwa Zuena, ambaye tayari alikuwa amerudi nyuma ya majora ya vitambaa. Baba yake akamvuta mkono hadi mlangoni, safu nzima ione.

"Mnamwona? Binti yangu huyu! Huyu ndiye simba!"

Zuena aliinamisha uso, lakini mlangoni hakuondoka. Kanzu ilikuwa imebakiza kifungo kimoja; alikishonea pale pale, kifuani pa kaka yake, akihisi kifua kile kikipanda na kushuka bila shida.