Inchi Tatu za Mshono

Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Mama Futi alishika nyundo kwa mikono miwili akaupiga ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilidondosha plasta kidogo miguuni pake. La tatu likatoboa, na mwanga mwembamba kama uzi ukaingia kwenye chumba chake cha kushonea, ukamwangukia begani. Mama mtu mzima, miaka sitini na sita, akaanza kurukaruka kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

"Mama, hebu nirudishie nyundo yangu," alisema fundi mwashi aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Ukiendelea hivyo utaiangusha nyumba nzima kwa furaha."

Mtaani walimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na wenye midomo yao walisema analala nayo. Mwashi naye aliitwa Taratibu, jina alilopewa na watu waliowahi kumsubiri amalize kazi. Mama Futi alikuwa amemwapisha: dirisha likamilike kabla ya Jumamosi saa kumi alasiri, si saa kumi na dakika moja.

Haraka yote hiyo ilitokana na binti yake wa pekee, muuguzi wa hospitali, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi. Jana yake alikuja kumsalimu mama yake, akamkuta ameshona mfuko mweusi kwenye suruali ya mteja ya buluu iliyokolea, na kibaya zaidi, amekaa anaisifia. Nesi hakucheka.

"Mama, macho yamechoka. Ifunge hiyo cherehani, uje ukae kwangu upumzike."

"Macho yangu hayana neno. Chumba ndicho kipofu."

Na hapo alisema kweli. Miaka ishirini na minane ameshona katika chumba hicho cha nyuma chenye kidirisha ambacho hata paka angepita kwa kujibana. Taa ilikuwepo, lakini umeme wa mtaa huo ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, na mara nyingi uliondoka mchana, wakati wa kazi.

Ila kilichomuuma Mama Futi hakikuwa maneno. Nesi alipoinuka kuondoka, mama yake aliuona upindo wa gauni lake jeupe la kazi. Ulikuwa umeshonwa upya, kwa mishono mirefu, ya haraka, ya mkono wa mtu mwingine. Mtu anaujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake, na ule haukuwa wake. Mtoto aliyemshonea nepi, sare za shule, gauni la mahafali, leo amepeleka nguo yake kwa fundi mwingine, tena kimyakimya. Mama Futi alilimeza hilo.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Nitakiweka sawa chumba changu. Ukija, nipe sindano ndogo kuliko zote na uzi mweusi. Miwani ruhusa, taa marufuku. Nikitunga, nabaki hapa na cherehani yangu, na usiniambie tena habari ya kupumzika. Nikishindwa, njoo na begi unifungashie nguo."

"Nitafika saa kumi, nikitoka zamu. Na unatunga mara tatu tu, mama. Sitaki tukeshe hapa."

"Mara tatu zinanitosha na chenji inabaki."

Wakapeana mikono. Mlango ulipofungwa, Mama Futi aliuendea ukuta na futi yake, kwa hofu nusu, na nusu kwa kuwa dirisha kubwa alikuwa akilitamani tangu siku aliyohamia humo.

Wiki ilikwenda kwa kelele na vumbi tamu. Jumanne Taratibu alimaliza kukata tundu, futi tano kwa futi nne, na upepo ukapita chumbani humo kwa mara ya kwanza. Jumatano alipiga plasta kingo zake zikanyooka. Alhamisi Mama Futi alijifunga kanga kichwani akapaka kuta rangi nyeupe kwa mkono wake, akaacha kipande kimoja tu, upande wa kushoto wa dirisha. Hapo ndipo alipokuwa akiandika vipimo vya wateja kwa penseli miaka yote hiyo, na alikataa katakata kisiguswe. Rafu za vitambaa alizishusha zimfikie kifuani, aachane na kupanda kigoda. Meza ya cherehani aliisukuma chini ya dirisha, na waya wa pasi, uliokuwa ukimtega mguu kila siku, ukapitishwa pembeni na kupigiliwa ukutani. Kila jambo moja likiisha, alikaa kitini, akainuka, akakaa tena, kuonja tu.

Dalali wa mtaa, mtu asiyepitwa na harufu ya saruji, alichungulia akitokea uani.

"Mama Futi, unajua nyumba hii sasa imepanda daraja? Ukiitangaza leo, kesho wanapigana mlangoni."

"Ipande tu, baba. Mimi ndani yake sishuki."

Basi Ijumaa mchana, seremala aliyeagizwa dirisha akaleta fremu kwenye mkokoteni. Mbao zimepigwa randa zinateleza, vioo vimeshatiwa, bawaba zinang'aa. Mama Futi aliizunguka mara mbili kama anayekagua mkwe. Wanaume wawili wakainyanyua, wakaileta tunduni, wakaisukuma. Haikuingia. Wakaigeuza kidogo, wakaisukuma tena. Wapi!

Taratibu akatoa futi yake ya chuma. Akapima tundu: futi tano kwa futi nne, kamili. Akapima fremu, akapima tena.

"Futi tano na inchi tatu," alisema. "Na urefu wa kwenda chini, futi nne na inchi tatu. Seremala, ndugu yangu, umekunywa nini?"

"Maji tu," alijibu seremala, akachomoa karatasi mfukoni. "Mimi nimefuata nilichoandikiwa."

Mwandiko ulikuwa wa Mama Futi. Aliukodolea macho.

"Hizi inchi tatu za upana," Taratibu aliuliza kwa upole, "za nini, mama?"

"Moja na nusu kila upande," alijibu kwa sauti ndogo. "Za mshono."

"Na hizi tatu za chini?"

"Upindo. Mtoto akikua, unashusha."

"Dirisha nalo likikua?"

Seremala alikalia ncha ya mkokoteni wake akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama Futi hakuweza kumkasirikia. Miaka ishirini na minane mkono wake umezoea: ukishapima mwili, unaongeza cha mshono na cha upindo ndipo unakata. Mwashi alipewa kipimo cha mwili. Seremala akapewa kipimo cha kitambaa. Wala mwenyewe hakujua kama amefanya hivyo.

"Tuipunguze," alisema.

"Mbao si kitambaa, mama," alisema seremala, sasa hacheki. "Nikikata, viungo vyote vinaachia. Vioo navyo ni vya kukata upya. Hiyo ni kazi ya wiki ijayo."

Wiki ijayo! Mama Futi aliliona begi la Nesi kama limeshafunguliwa kitandani. Alisimama katikati ya chumba cheupe, futi shingoni, akaitazama fremu, akalitazama tundu. Halafu macho yake yakapata moto.

"Vazi limekuwa kubwa," alisema. "Basi tuunenepeshe mwili. Fundi, ongeza tundu."

Taratibu akajikuna kidevu. Juu haiwezekani, alieleza, kuna mkanda wa zege unaobeba paa. Kulia haiwezekani, kuna nguzo ya kona. Chini sawa. Na upande uliobaki ni kushoto, inchi zote tatu. Alisema hivyo akiuangalia ukuta wa penseli, akasubiri.

Mama Futi alisogea akausoma ukuta. Kulikuwa na bwana harusi, kiuno thelathini na mbili, ambaye siku hizi akipita na bodaboda tairi la nyuma linalia. Kulikuwa na kwaya nzima, mama mkwe wa mtu, mwalimu mkuu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, kifua na mabega ya Nesi akiwa darasa la kwanza. Aligusa hapo kwa kidole. Kwa kitambo alitaka kulia.

"Bomoa," alisema. "Wote hao wameshanenepa."

Siku hiyo Taratibu alilisahau jina lake. Tindo ilipiga, matofali yakaanguka, na Mama Futi mwenyewe akazoa vifusi kwa karai huku akiimba vibaya. Jumamosi saa sita mchana fremu iliingia tunduni bila hata kusukumwa, ikakaa, na Taratibu akaiwekea pima maji. Povu la maji likasimama katikati. Kingo za kushoto hazikuwa na plasta bado, matofali yalikuwa wazi kama meno, lakini dirisha lilikuwa dirisha. Mama Futi alimpigia makofi, seremala aliyekuja kushuhudia naye akapiga, na dalali akapiga akiwa uani.

Nesi alifika saa kumi kasoro robo, begi kubwa tupu mkononi. Mlangoni alisimama, akasahau hata kuamkia.

"Mama! Hiki ndicho kile chumba?"

"Ndicho kile. Kimefungua macho."

Nesi alizunguka akigusa rafu, akapitisha kiganja juu ya ukuta, akaangaliana na matofali yaliyo wazi, akakaa kwenye kiti cha mama yake na kuinuka haraka kama aliyekalia siri. Alikuwa akitabasamu bila kutaka. Lakini muuguzi ni muuguzi: alitoa sindano ndogo kuliko zote, akatoa kibunda cha uzi mweusi, akatazama saa.

Na hapohapo chumba kikafifia.

Mama Futi aliinua uso. Nje, jua lilikuwa limeteremka nyuma ya tangi la maji la jirani, tangi kubwa jeusi lililopandishwa juu ya nguzo zake, ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kujua linaziba nini, kwa kuwa upande huo hapakuwa na dirisha la kuzibwa. Kivuli chake kililala karibu kioo kizima.

"Tusubiri kidogo," alisema Nesi, na sauti yake haikuwa ya kushindana tena.

"Saa kumi ni saa kumi."

Akailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akainua sindano, akajaribu. Uzi ulipita pembeni. Akajaribu tena. Uzi ulijikunja kwenye ukingo wa tundu la sindano, akadhani umeingia, akauvuta ukabaki mkononi. Mbili zimekwenda. Seremala alikuwa amevua kofia.

"Mama," aliita Taratibu taratibu, kwa sauti ya jina lake. "Angalia mkono wako wa kushoto."

Aliangalia. Pembeni kabisa mwa meza, karibu na gurudumu la cherehani, palikuwa na utepe wa jua. Tangi lilikuwa limeziba dirisha lote, isipokuwa ukingo ule wa kushoto, uliovunjwa jana, na hapo jua lilipenya likalala mezani jeupe, kali, limenyooka. Mama Futi alisogeza kiti. Aliiweka sindano ndani ya utepe ule, na tundu lake likaonekana wazi kama mlango. Akapeleka uzi. Ukaingia, ukatokea upande wa pili, akaushika kwa vidole viwili na kuuvuta mpaka ukawa mrefu kama mkono wake.

Kelele iliyotoka chumbani humo ilimwamsha jirani na tangi lake. Seremala alimkumbatia Taratibu, Taratibu akamkumbatia dalali, ambaye alikuwa ameshaingia ndani bila kualikwa. Mama Futi hakukumbatia mtu. Alivua futi shingoni, akainama, akaupima ule mwanga juu ya meza.

"Inchi tatu," alisema, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Za mshono!"

Nesi hakucheka na wenzake. Alikuwa amepiga magoti kando ya begi lake. Halikuwa tupu kabisa. Alitoa ndani yake gauni lake jeupe la kazi, akaligeuza upindo juu, mishono ile mirefu ya haraka ikaonekana na kila mtu.

"Nilimpelekea mtu mwingine," alisema. "Niliogopa macho yako yatakosea. Na najua uliiona."

"Niliiona."

"Basi fumua, mama. Nishonee wewe."

Mama Futi alilipokea gauni akalilaza kwenye utepe wa jua, ambao ulikuwa umeshaanza kusogea. Aliuchomoa uzi mweusi aliouhangaikia wiki nzima, akauweka kando, akachagua mweupe. Akautunga mara moja tu, na hakuna aliyekuwa anahesabu.