Walinzi Waliojibanza Ukutani

Mshonaji alikuwa amesubiri miezi minne kutolewa uvimbe wa shingoni. Siku yenyewe ikafika, na mpimaji wa maabara naye akafika na karatasi, uso umemshuka.

"Dada, chembe zako nyeupe ni chache. Hizo ndizo walinzi wa mwili, na daktari hakati mtu asiye na walinzi. Rudi baada ya miezi mitatu."

"Zimekwenda wapi?" akadakia shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa.

"Zimo humo humo, mama. Nyingine zinatembea na damu, nyingine zimejibanza kwenye kuta za mishipa. Sisi tunahesabu zinazotembea tu."

Shangazi akamkunja mshonaji mkono wa gauni, akakikemea kiwiko: "Nyinyi! Saa tatu asubuhi mmeegemea ukuta, mmeolewa humo?"

"Shangazi, watu wanatuangalia."

"Waangalie, macho hayana pazia." Akamgeukia mpimaji. "Mwanangu, zinabanduliwaje?"

"Mtu akikimbia tu," akasema mpimaji. Angejua, angeuma ulimi.

Kufumba na kufumbua mshonaji yuko kwenye ngazi, shangazi kampanda mgongoni, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Kaza mwendo! Unasindikiza maiti?" Akachomwa sindano huku anahema.

Karatasi ya pili ilimtoa daktari ofisini. "Zimepita kiasi! Hapa pana ugonjwa, sikati."

Mpimaji akakohoa, akaungama habari za ngazi. Daktari akajikuna kisogo. "Nitapima mara moja tu tena. Atulie, lakini asitulie mno, zisije zikarudi ukutani."

Wakakaa kwenye benchi. Dakika kumi zikapita, mshonaji akaanza kusinzia.

"Shangazi, zinalala hizo. Nigombeze kidogo."

"Nikugombeze nini?"

"Chochote. Lile pindo nililoshona upande. Yule mchumba niliyemkataa."

Shangazi, mwanamke aliyekuwa akigombana hata na mvua, leo akamshika mkono taratibu. Akautazama ule uvimbe. "Ukinifia humo ndani, mimi nitamgombeza nani?"

Moyo wa mshonaji ukaruka, puu.

"Nichome sasa hivi!" akamwita mpimaji, mkono umeshanyooshwa.

Karatasi ya tatu daktari aliisoma mara mbili. Hesabu imetua katikati, haijapungua wala haijazidi. "Nani kamshtua kwa kipimo kizuri namna hii?"

"Hatumjui," akasema shangazi, akapenga kamasi kwenye ushungi.

Daktari akaenda kunawa mikono, aje akate.