Watu wa Moto

Kiwandani kwetu tulitengeneza chupa, na kila aliyeajiriwa alifundishwa jambo moja kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: tanuri halizimwi. Kioo kilichoyeyuka kikipoa ndani yake hushikamana na matofali, na kikiganda hupasua kuta. Ndiyo maana sikukuu, misiba, hata mwaka ule wa mafuriko, moto uliwaka. Msimamizi wa moto huo alikuwa mume wangu. Wenzake walimwita Mzee Joto, na mimi niliyekagua chupa mwisho wa mkanda walinitania kwamba ni mke mdogo tu, mke mkubwa ni tanuri. Sikucheka sana, maana ilikuwa kweli.

Hata mgomo ulikuwa na utaratibu wake. Sisi wengine tukitoka nje, watu wa moto walibaki kwenye zamu, wamejifunga kitambaa cheupe mkononi, wakipita getini bila mtu kuwazomea. Hawakutengeneza hata chupa moja. Walilinda joto tu, ili siku tukielewana na wakubwa tuwe na mahali pa kurudi.

Safari hii tuligoma kwa sababu mshahara ulikuwa umeganda palepale huku kila kitu sokoni kikipanda. Mkurugenzi alikuwa mpya, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, tukambatiza Robo Mwaka. Kila alipofungua kinywa ilikuwa robo mwaka hii, robo mwaka iliyopita. Alikiangalia kiwanda kama mpangaji aliyekwisha toa notisi anavyoangalia paa linalovuja.

Katibu wa chama cha wafanyakazi hakutaka vitambaa vyeupe. Alikuja nyumbani, akavuta kiti cha plastiki hadi karibu na mume wangu.

"Mzee, nanyi mkitoka, kesho tu watasalimu amri. Tunawabembeleza wa nini?"

"Wakishasalimu amri, tutarudi wapi?"

"Shemeji, hebu msemeshe huyu."

"Nimsemeshe mimi? Tangu anioe namwomba apumzike Jumapili, hanisikii. Wewe kunywa chai," nikamwambia.

Akanywa chai, wakabishana mpaka ikapoa, mwisho akakubali. Watu wa moto wakaendelea kuingia na vitambaa vyao, na sisi tukaendelea kukaa kando ya barabara na mabango, tukila vumbi.

Asubuhi moja mlinzi wa geti alimzuia mume wangu. Alikuwa kijana mwema, akaongea huku anatazama buti zake.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Nimeambiwa watu wa moto wasiingie tena. Gesi inakatwa leo."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Mkurugenzi. Anasema hawezi kulipia gesi ya kupasha kitu kisichozalisha."

Mhandisi akatoka nje, shati limechomoka, macho mekundu. Tukamzunguka. Alisema amemweleza mkubwa wake kila kitu, mpaka akamchorea.

"Anajua," alisema. "Anajua kabisa litapasuka. Lakini hesabu zinafungwa mwezi huu, na gesi isipokuwemo faida inapendeza. Hasara ya tanuri itaingia mwakani, na mwakani yeye hayupo. Ameshapewa cheo makao makuu."

Nilipandwa na hasira ambayo hadi leo haijashuka. Angekuwa mjinga ningemsamehe, maana mjinga huelekezwa. Huyu alikuwa ameelekezwa, akaelewa, akatufungia milango huku anaelewa.

Basi yakatokea maajabu: waliogoma wakaanza kuomba kazi. Katibu yuleyule aliyetaka tanuri liachwe ndiye aliyepiga simu mbele yetu, jasho likimtoka. Alisema tunarudi sasa hivi, kwa mshahara uleule wa zamani, hatudai kitu, wasikate tu gesi. Akajibiwa kwamba mkurugenzi yuko kwenye mkutano. Akapiga tena, akaambiwa mkutano unaendelea.

Mchana hewa iliyokuwa ikitetemeka juu ya dohani ikatulia. Tulisimama barabarani, vichwa juu. Kabla jua halijazama tukasikia mlio kutoka ndani, mlio mkavu wa kitu kinachovunjika, kisha kimya, kisha mwingine. Mume wangu alifungua kitambaa mkononi, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni.

Baada ya hesabu kufungwa, mkataba ulitiwa saini. Tulipewa nyongeza yote tuliyodai, bila hata kubishana. Kutoa ahadi kwa watu wasiokuwa na kazi ni rahisi. Robo Mwaka alipigwa picha akimshika katibu mkono, akapanda gari, hatukumwona tena. Baadhi ya wenzetu walicheza getini. Sikuwa na moyo wa kuwanyamazisha.

Mimi na mume wangu tuliingia ndani pamoja. Ukumbi ule tuliozoea kupiga kelele ili tusikilizane ulikuwa kimya, nikasikia ndala zangu mwenyewe. Sisi wakaguzi hatukuwahi kuruhusiwa kuvuka mstari wa njano sakafuni, kwa sababu ya joto. Yeye akauvuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuri. Ufa ulikuwa umepanda toka chini hadi juu, na ndani yake kioo cha kijani kimeganda. Akanyoosha mkono.

"Baba, utaungua," nikasema. Yalinitoka tu, kwa mazoea.

Hakugeuka. Aliweka kiganja kwenye matofali, akakiacha hapo.

"Njoo," akasema. "Njoo nawe uguse."

Nikavuka mstari, nikaweka mkono wangu kando ya wake. Ukuta ulikuwa wa baridi kuliko mkono wake.