Uwanja Mkavu

Majirani walimwita Mama Fagio, naye hakuchukia. Tangu mumewe afariki, uwanja wake haukulala na jani hata moja. Alifagia asubuhi, akafagia mchana, akafagia tena jua likipoa, mpaka ardhi ikawa ngumu na tupu kama sakafu ya saruji, kuku wakakosa pa kuchakura. Halafu kuku nao akawagawa, kwa sababu kuku humwaga nafaka, nafaka huita panya, na panya huwaita wale ambao yeye hakupenda kuwataja kwa jina.

Marehemu aliumwa na kifutu. Kifutu ni nyoka mfupi, mnene, mvivu. Hata akisikia hatua hakimbii, hujilaza tu kama kipande cha kamba alichokisahau mtu. Siku ile marehemu alitoka shamba, akaenda kwenye pipa la maji chini ya mchirizi wa paa, akainama kunawa miguu. Hakunyanyua miguu tena kwa nguvu zake mwenyewe. Watu walisema mengi msibani: kwamba yule nyoka alifuata vyura, kwamba alifuata kivuli cha pipa, kwamba hakufuata kitu, siku ilikuwa imefika. Mama Fagio alisikiliza yote kwa adabu, na moyoni akabaki na neno moja tu. Nyoka alifuata maji.

Basi akaweka sheria nyumbani mwake. Kila asubuhi binti yake alikwenda kisimani ng'ambo ya bonde. Maji yale yalipikiwa, yalifuliwa, yaliogwa, na alasiri ikifika, yaliyosalia yalikwenda kumwagwa kwenye mtaro wa barabarani. Pipa likageuzwa kifudifudi. Ndoo kifudifudi. Sufuria, beseni, mpaka kata ya kuchotea, vyote vikageuza migongo juu. Mwenye kiu ya jioni alikunywa chai iliyobaki kwenye chupa.

Binti mwenyewe aliitwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mamaye. Wakubwa zake walikuwa wamekwenda na maisha yao. Yeye alibaki, akakaa chumba cha mbele na cherehani ya miguu, akishona sare za wanafunzi. Nyumba nzima ilikula kwa macho yake. Na yalikuwa macho kweli: angeweza kutunga uzi kwenye sindano huku akikusimulia habari na kukucheka, asikosee tundu.

"Mama," alikuwa akisema, "tuache japo ndoo moja. Yenye kifuniko."

"Baba yako naye alipenda hilo neno. Japo hiki, japo kile."

"Yenye kifuniko, Mama, na jiwe juu."

"Shona, mwanangu."

Bwana Randa, seremala wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa marehemu tangu ujana, hakupita bila kuchokoza.

"Shemeji, uwanja huu hata nzi akitua anateleza."

"Ateleze. Nani kamwita?"

"Nina kiu mimi. Nipe maji."

"Yameshamwagwa. Ungekuja asubuhi."

"Loo! Kwa shemeji yangu ni jangwani. Hata ngamia angehama hapa."

Kitinda akachungulia dirishani, uzi mdomoni. "Ngamia ana akiba mgongoni, Baba mdogo. Sisi akiba yetu ni Mama."

Wakacheka wote watatu, hata Mama Fagio, ambaye kicheko chake kilikuwa kimeanza kuota kutu. Wahenga wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alijua wanamwona hivyo, mtu wa kushtukia ung'ongo. Wacha waone. Kila usiku kabla ya kulala alimshukuru Mungu kwamba mtoto bado mzima, na moyoni alihesabu kuwa Mungu alifanya sehemu Yake, na yeye akafanya yake.

Ikaja alasiri moja ya jua kali. Mama Fagio alikuwa ametoka kumwaga maji mtaroni. Kitinda alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo. Kwenye uwanja ule mweupe, usio na pa kujificha, Mama Fagio akaona kitu cheusi kikivutwa kama mkanda unaochomolewa kiunoni. Kilikata uwanja katikati. Kikaingia chumba cha cherehani.

Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka nyuma ya nyumba, akamshika binti yake mkono. "Kuna mgeni chumbani kwako. Usiingie."

Kitinda akaelewa mara moja. Akaweka nguo chini. "Basi tumwachie mlango wazi, Mama. Tukae mbali, atatoka mwenyewe. Hana shida na sisi."

"Na asipotoka? Akilala humo?"

"Atatoka."

"Mimi siwezi kukaa hapa nimsubiri nyoka aamue." Akaita kwa sauti ng'ambo ya barabara, na Bwana Randa akaja na vumbi la mbao kichwani, mkononi ufito mrefu, kwapani kipande cha mbao nyembamba cha kujikingia uso.

Alichungulia kidogo tu, akarudisha kichwa. "Ni swila huyo. Anatema, tena analenga macho. Rudini nyuma nyote wawili. Shemeji, rudi! Mambo ya swila hayana ushujaa."

Wakarudi. Bwana Randa akaingia kwa kunyata, akaanza kupapasa kwa ufito nyuma ya sanduku la vitambaa. Ufito ulikuwa mrefu kuliko chumba. Ulipogeuka upande huu, ncha yake ya nyuma ilisukuma meza, na sare zilizokunjwa, zilizokwisha kupigwa pasi, zikaanza kuanguka moja moja sakafuni.

"Baba mdogo, sare!" Kitinda alisema.

"Achana na sare!"

Lakini ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, kazi ya shule nzima, na mtu akishaona jasho lake likianguka chini, mkono hutangulia akili. Alivuka kizingiti hatua moja tu. Akainama kukumbatia sare zilizobaki mezani. Swila hakuwa nyuma ya sanduku. Alikuwa kwenye kikanyagio cha cherehani, amejiviringisha palepale ambapo Kitinda huweka miguu. Akasimama, akatanua shingo, na sauti ikatoka kama mpira wa baiskeli unaotoboka.

Kitinda aliziachia sare zote. Alishika uso kwa viganja viwili.

"Maji!" Bwana Randa alipaza sauti huku akimvuta nje. "Maji, shemeji! Mengi! Mmiminie machoni sasa hivi, usimwache asugue! Maji!"

Mama Fagio alikimbia. Alikimbia mpaka kwenye pipa, na pipa lilimwonyesha kitako. Alilinyanyua hata hivyo, kana kwamba chini yake pangekuwa na kitu. Akageuza ndoo. Akageuza beseni. Akageuza sufuria baada ya sufuria, na kila alichokigeuza kilikuwa kimekauka kwa jua. Akakumbuka chupa ya chai, akaifungua, mvuke ukampiga usoni. Akaiweka chini. Akaita kwa jirani, mlango ulikuwa na kufuli, wenyewe wako shambani. Alikimbilia mtaroni, akapiga magoti, akachimba kwa vidole pale alipomwaga, akakamua. Kilichotoka kilikuwa tope. Akasimama na tope mikononi, akimsikia binti yake akilia, "Mama, yanaungua! Mama, uko wapi?"

Bwana Randa alikuwa ameshaondoka mbio kwenda kwake. Karakana yake ilikuwa ng'ambo tu, lakini maji aliyaweka nyumbani, nyuma ya shamba la mihogo, na yeye si kijana.

Kitinda alikuwa amekaa chini akisugua macho kwa kanga, akisugua kama anayetaka kuyang'oa. Mama Fagio alimshika mikono. Hakujua afanye nini na mikono ile. Alitema mate kwenye ncha ya nguo yake, akapangusa. Ndipo akatokea mama muuza mboga aliyekuwa akipita na kapu lake, mwanamke mwema, hakuna asiyempenda mtaani. Alitupa kapu chini, akachuma majani kwenye ua wa jirani, akayafikicha.

"Mshike kichwa, dada. Bibi yangu alikuwa akifanya hivi, watu wanapona. Mshike vizuri."

"Bwana Randa kafuata maji," Mama Fagio alisema.

"Mpaka arudi sumu itakuwa imefika kwenye ubongo. Mshike!"

Naye akamshika. Alikiweka kichwa cha mwanawe mapajani, kama alivyokuwa akimweka zamani akimchana nywele, akakibana kwa viwiko, akafungua kope kwa vidole vyake vyenye tope. Maji ya majani yale yaliingia ya kijani. Kitinda akapiga ukelele ambao haukuwa wa mtu. Mama Fagio hakuachia. Alisema, "Vumilia, mama, vumilia, inatoa sumu," na alikuwa akiamini.

Bwana Randa alirudi na ndoo iliyomwagika nusu njiani. Wakaosha. Waliosha mpaka ndoo ikaisha, na Kitinda hakufungua macho.

Kwenye zahanati muuguzi aliosha upya, kwa muda mrefu, na alipoona kijani kwenye pamba aliwatazama watu wazima wale mmoja baada ya mwingine kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko kulikuwa na daktari wa macho, kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimmulika Kitinda, akampa dawa ya matone, akamlaza. Kila siku alimmulika. Kila siku maswali yake yalipungua.

Mwishoni alimwita Mama Fagio pembeni ya kitanda. "Kioo cha jicho kimeoza, Mama. La kushoto halina kitu tena. La kulia limebaki na kovu. Ataona kuwa pana mwanga, basi. Sumu ya yule nyoka huwa inaoshwa papo hapo, na wengi wanaona tena. Aliwahi kuoshwa papo hapo?"

Mama Fagio aliangalia vidole vyake.

Kitinda akajibu kutoka kitandani, uso umefungwa bendeji. "Hapakuwa na maji, daktari. Kwetu kisima kiko mbali."

Daktari akatikisa kichwa, akasema serikali iwafikirie watu wa mashambani, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama Fagio aliushika mguu wa kitanda. Heri mtoto angemtukana. Heri angesema mbele ya wodi nzima: aliyamwaga huyu, kila alasiri, nikimwomba. Neno moja la kumfunika mama yake lilimwacha uchi kuliko matusi.

Walirudi nyumbani. Mwalimu wa shule iliyoagiza sare akatuma watu wakachukua vitambaa kwa upole mwingi, vikapelekwa kwa fundi mwingine, na hakuna aliyekosea kufanya hivyo, watoto wanahitaji sare. Majirani walikuja kuketi na kutoa pole. Mama muuza mboga alilia kuliko wote. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu majani. Mmoja akasema, kwa nia njema, kama watu wasemavyo wakikosa la kusema, "Maji yakishamwagika hayazoleki, dada yangu." Bwana Randa akakohoa, akatazama miguu yake. Siku hizo hakuwa na mzaha hata mmoja.

Mama Fagio aliendelea kupiga magoti kwa saa zake zilezile. Lakini alipofika pale pa kuomba, maneno yalimkauka kinywani. Aombe nini? Macho? Alikuwa amepewa macho, akapewa na kisima, akapewa na mtoto wa kumwambia japo ndoo moja. Alibaki amepiga magoti mpaka yakamuuma, kisha akainuka bila kusema amina, kwa kuwa hapakuwa na cha kuitikia.

Kitinda alikaa kitandani, miguu juu, hashuki. Chakula aliletewa. Chooni alishikwa mkono, akikanyaga kama anayekanyaga makaa. Siku moja asubuhi akauliza, "Mama, yule nyoka?"

"Yupi?"

"Mama, kwani wako wangapi? Mlimuua?"

Hakuna aliyejua yule nyoka alikwenda wapi. Katika zile purukushani kila mtu alimpa mgongo, na baadaye Bwana Randa alipindua chumba chote asimwone. Huenda alitoka. Huenda hakutoka.

"Bwana Randa alimuua," Mama Fagio akasema.

"Kweli?"

"Alimponda kichwa. Nilimwona mwenyewe."

Kitinda akavuta pumzi ndefu, akashusha miguu sakafuni. "Basi afadhali," alisema. "Nilidhani nitakaa juu ya kitanda mpaka nife."

Tangu siku hiyo akaanza kutembea. Alijifunza nyumba kwa mikono. Alipapasa ukuta, akapapasa nyuma ya mlango, akachomeka vidole kati ya magunia, akatia mkono uvunguni kutafuta kandambili, bila hofu yoyote, kwa kuwa mama yake aliona kwa macho yake. Mama Fagio aliiangalia furaha ile ndogo ikimrudi usoni, na hakuweza kumwambia acha. Angemwambia kwa sababu gani? Basi popote mkono ule ulipokwenda, yeye alijitahidi kufika kabla. Aliacha kwenda shamba. Aliacha kwenda ibadani. Kuchota maji akamwachia mke wa seremala. Hata kufumba macho mchana, kidogo tu, uzee ukimwelemea, aliogopa.

Alasiri moja Kitinda alikuwa sakafuni akichambua vifungo kwa kuvigusa, vikubwa huku, vidogo kule, akinong'ona wimbo. Kimoja kikamponyoka, kikabingirika chini ya sanduku la vitambaa. Akakisikia kilikoishia. Akajilaza kifuani, akaingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko, ukazama mpaka begani.

Mama Fagio alishuka chini kando yake, magoti kwanza, kisha viganja, kisha shavu kwenye saruji ya baridi. Akatazama kwenye giza la uvungu wa sanduku. Macho yake ya uzeeni hayakuona kitu, giza tu, na vidole vya mwanawe vikitembea humo.

"Mama, nawe unatafuta nini huko chini?"

"Nakusaidia kutafuta, mwanangu."

"Niachie mimi," Kitinda akasema, akicheka. "Nimeshagusa kitu."