Mi ya Risper

Jael Navalayo alikuwa na miaka tisa siku Mwalimu Shitanda alipomsimamisha mama yake, Risper, mbele ya kwaya nzima na kumwambia kwamba mi yake, sauti ya tatu katika do-re-mi, iko chini. Kinanda cha kukanyagwa kwa miguu kilikuwa kimeletwa kanisani mwezi huo kutoka Ulaya, na kila mtu alitakiwa akifuate. Risper alirudia mara tatu. Mara zote tatu mwalimu alitikisa kichwa. Kuanzia hapo Risper akahamia safu ya nyuma, akawa anachezesha midomo tu.

Mwaka wa 1968 Jael alikuwa karani katika ofisi ya wapima ardhi mjini Kakamega, na Jumapili ndiye aliyepiga kinanda kile. Alikuwa amesoma kitabuni jambo lililomnyima raha: kilichokosea ni kinanda. Ukigawanya waya unaotoa do sehemu tano ukapiga nne, unapata mi safi, ile ambayo koo la mtu huitafuta lenyewe. Mi ya kinanda imepandishwa kidogo makusudi, ili wimbo uweze kuanzia kwenye sauti yoyote. Jael alifunga waya juu ya ubao akajaribu mwenyewe. Mi iliyotoka ilikuwa ya mama yake, akiimba shambani zamani.

Basi akaanza kutunga wimbo wa miaka mitano ya uhuru, wimbo ambao kila sauti ingepatana na nyingine kwa hesabu safi, na ubeti wa kwanza angeuimba Risper peke yake. Saa za chakula cha mchana alibaki ofisini akizungusha mkono wa mashine ya hesabu. Hesabu zilipomzidi alimwandikia Chrispinus, aliyesoma naye, ambaye sasa alifanya kazi Nairobi kwenye kompyuta iliyojaza chumba kizima. Chrispinus akazitoboa kwenye kadi, na baada ya wiki tatu likafika bunda la karatasi: sauti zipi zikutane, zipi zisikaribiane kabisa. Jael alitunga karatasi zile zikiwa mapajani.

Kikabaki kinanda chenyewe. Ndani yake kila sauti ilikuwa ulimi mwembamba wa shaba. Ukiukwaruza karibu na shina, sauti hushuka, na karibu na ncha, hupanda. Ufunguo wa kanisa alikuwa nao. Hakumwuliza mtu. Jumamosi, tangu asubuhi, alikwaruza kwa tupa, akilinganisha kila ulimi na waya wake. Alipobonyeza do, mi na so pamoja, sauti zilitulia bila mtetemo hata mmoja. Alilia kwa furaha.

Saa tisa kwaya ikaja kwa mazoezi.

“Mama, leo njoo mbele,” Jael alisema. “Imba tu, usiogope.”

Risper alikaza leso kiunoni, akaimba. Alipofika kwenye mi, sauti yake na ya kinanda zikagombana, zikatetemeka kama bati lililolegea.

“Sasa unapandisha, Mama Jael,” alisema Mwalimu Shitanda kwa upole wa mzee.

Jael aliacha kukanyaga. “Mama, mi yako ya zamani ndiyo yenyewe, hii ya kinanda siyo. Imba vile ulivyokuwa ukiimba shambani.”

“Ile niliiua,” Risper alijibu, akigusa kibao cha mi. “Wewe ukiwa shule, mimi nilikuwa nakuja hapa kufagia. Nabonyezanga hii moja, naiimba. Nabonyeza, naimba. Miaka mingi. Nilikuwa nangojea siku ya kuitwa mbele, usione aibu juu yangu.”

Kisha akarudi safu ya nyuma, akaketi.

Kesho yake, Jumapili, wimbo wa kwanza wa ibada ulianzia kwenye sauti ambayo Jael hakuipigia hesabu. Kinanda kililia kama mbwa aliyekanyagwa, na waumini wakageuka kumtazama. Mwalimu Shitanda alimpa siku tatu akirudishe kilivyokuwa. Jumanne, Jael akikwaruza ncha ya ule ulimi wa mi ili upande, ukakatika kwenye shina alipokuwa ameukwaruza mno. Kanisa liliandika barua Ulaya. Jibu likaja kwamba vinanda vile havitengenezwi tena.

Wimbo wake haukuimbwa. Sikukuu ya Desemba ilipofika, Jael alisimama na mama yake katikati ya umati uwanjani, jua likiwaka, bendi ya shule ikaanza, na watu wote wakaimba kwa sauti kuu. Risper alikuwa amefumba midomo.

“Imba basi, Mama,” Jael alimnong’oneza. “Hapa hakuna anayekusikiliza.”

“Mimi najisikiliza,” alisema Risper. “Mi ya kwanza nimeisahau, na ya pili umesema si yenyewe. Sasa niiweke wapi, mwanangu?”

Jael alitazama mbele, watu wakiimba, hadi wakamaliza.