Chumba cha Juu cha Mama Mapacha

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimeifanya miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja kilicho juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Wateja wengi wakipanda ngazi zangu huwa wameshagombana huko watokako. Mke anataka jiko, mume anataka sebule ya kujitanua mbele ya wageni, nami nabaki katikati na kifutio changu. Hawa wawili ninaowasimulia hawakuwa hivyo. Walikuwa wakikaa kiti kwa kiti, wakiambiana, "Ona hapa," "Na wewe ona pale."

Mume alikuwa fundi saa. Kibanda chake cha kioo kilitazamana na dirisha langu, ng'ambo ya barabara. Mke alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Walikuwa na mabinti pacha wa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo mtaa mzima uliwaita Baba Mapacha na Mama Mapacha. Wao wenyewe waliitana hivyohivyo.

Tulipanga nyumba ya ghorofa moja: chini sebule, jiko na stoo, juu vyumba vya kulala. Mama Mapacha alikuwa na ombi moja tu, chumba kidogo cha pembeni huko juu, chenye meza na dirisha, cha kusahihishia madaftari.

"Nimekulia chumba kimoja na ndugu sita," aliniambia. "Tangu nizaliwe sijawahi kufunga mlango nikabaki peke yangu. Hata nikiwa chooni kuna mtu anagonga."

Tulicheka wote watatu, nikakichora.

Ramani ilikuwa imebaki kidogo tu ikamilike. Jumanne moja asubuhi Baba Mapacha akaja peke yake, akakaa bila kukaribishwa.

"Mchoraji, ghorofa iondoe. Kila kitu kishuke chini."

"Mama Mapacha anajua?"

"Nitamwambia. Milango ya vyumba umeipa upana gani?"

"Sentimita themanini, kama kawaida."

"Ifanye tisini na tano. Yote. Vizingiti sitaki. Korido iongeze nusu mita. Mbele usiweke ngazi, weka mteremko. Na bafuni niachie nafasi ya mita moja na nusu kila upande, pasiwe na kitu katikati."

Nikaweka penseli chini. Mtu wa kazi yangu akisikia mita moja na nusu bafuni, anajua ni kitu gani kinatakiwa kugeuka hapo.

"Kiti cha magurudumu," nilisema. "Ni cha nani?"

"Changu."

Akaninyooshea mkono wa kulia. Ulionekana mzima kabisa. Kisha akajaribu kuokota pini iliyokuwa juu ya meza, ikamponyoka mara tatu.

"Miezi minne sasa skrubu zinanidondoka. Nilidhani ni macho, nikabadilisha lenzi. Daktari amesema ni misuli, na dawa yake haipo. Mama yangu alianza hivihivi. Vidole, halafu miguu."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kama mtu anayeeleza saa ilivyoharibika.

"Nyumba yetu ilikuwa na milango ya kupita kiubavu, na ngazi tatu mbele. Kiti tulikipata, lakini hakikuweza kutoka chumbani. Miaka minne, mchoraji. Miaka minne mama hakuiona barabara, na kutoka kitandani mwake hadi barabarani zilikuwa hatua ishirini. Nilizihesabu. Tulimtoa siku ya kumzika, na hata siku hiyo jeneza lilisimamishwa wima ukumbini ndipo likapita mlangoni."

Nikavuta karatasi karibu.

"Mama Mapacha akija kuuliza," alisema akiinuka, "mwambie udongo wa kiwanja hauwezi kubeba ghorofa. Nipe muda. Nitamwambia mwenyewe, nikipata pa kuanzia."

Nilikubali. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilikubali upesi namna ile.

Mama Mapacha alikuja Jumamosi, begi la madaftari begani. Nilimwonyesha ramani mpya, nikamwambia habari ya udongo. Hakubisha. Alipitisha kidole juu ya karatasi, taratibu, mahali ambapo chumba chake kilikuwa kwenye ramani ya zamani.

"Basi," alisema. "Udongo ukikataa utafanyaje." Halafu akainua uso. "Na milango hii? Tutafuga ng'ombe ndani?"

"Ni mtindo wa siku hizi," nilijibu.

Ukawa uongo wa pili. Akashukuru, akaondoka. Siku ile sikuweza kufanya kazi nyingine.

Baada ya wiki moja nilisikia hatua za watu wawili ngazini. Mama Mapacha aliingia mbele. Mumewe alimfuata, na usoni nikaona hakuwa ameambiwa wanakuja kufanya nini.

"Kaka yangu ni mwashi," alianza akiwa bado amesimama. "Nilimpeleka kiwanjani, akachimba shimo la mita moja na nusu. Anasema udongo ule unabeba ghorofa tatu na wapangaji wake. Mchoraji, mimi nasahihisha watoto arobaini na wanne kila siku. Anayedanganya namjua kabla hajafungua mdomo. Juzi ulipokuwa unanieleza habari ya udongo, ulikuwa unaangalia rula."

"Mwache mchoraji," alisema Baba Mapacha. "Nilimtuma mimi."

Akamweleza. Alieleza yote, kuanzia skrubu ya kwanza mpaka jeneza la mama yake, ambalo mkewe hakuwahi kusikia lilivyotolewa. Nilitaka kutoka nje, lakini wao ndio waliokuwa mlangoni.

"Tangu lini?" aliuliza mkewe.

"Miezi minne."

"Miezi minne unalala ubavuni mwangu."

Baba Mapacha aliisogelea meza, akaiangalia ramani.

"Na watoto?"

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Daktari anasema huenda ikampata mmoja, huenda wote, huenda asipate yeyote. Kipimo kipo. Sikutaka kujua."

Akaishika ramani kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja haukutosha.

"Ndiyo maana nimesema milango yote ipanuliwe," alisema. "Na ya vyumba vyao."

Mama Mapacha alimtazama, akageuka, akashuka ngazi. Begi lake aliliacha sakafuni. Baba Mapacha aliliokota, akalitia begani kwa shida, akamfuata. Nilisimama juu nikamwona ameshikilia ukuta kila hatua. Alikuwa amezipanda na kuzishuka ngazi zangu mwaka mzima, nami sikuwahi kuliona hilo.

Wiki tatu sikuigusa ramani yao. Dirishani nilikiona kibanda cha saa kikifunguliwa na kufungwa kama kawaida. Niliogopa kuvuka barabara kumsalimia.

Kisha wakaja pamoja. Macho ya Mama Mapacha yalikuwa yamevimba, ila alivaa vizuri, na nakala yake ya ramani ilikuwa imejaa maandishi ya penseli nyekundu.

"Swichi za taa umeziweka juu," aliniambia. "Mtu akiwa amekaa atazifikiaje? Zishushe. Sinki pia. Ukuta wa jiko na sebule uvunje nusu, nikiwa napika nimwone. Na hapa mbele, chini ya dirisha, weka meza ndefu isiyo na droo, magoti yapite. Atakaa hapo, watu wamwone na yeye awaone."

Mumewe alikuwa akimtazama kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Nilidhani amemaliza. Mama Mapacha akafunua karatasi ya pili.

"Na ghorofa irudi."

"Mama Mapacha," alisema mumewe.

"Chumba kimoja tu, kilekile changu. Na ngazi."

"Ngazi sitaziweza."

"Najua hutaziweza." Akakaa, akamgeukia. "Nisikilize, na mchoraji asikie, kwa sababu humu ndani ndimo mlimonificha. Nitakulisha. Nitakuogesha. Nitakugeuza kitandani, na sitakulalamikia mbele ya mtu. Nimeshaamua, hilo halina mjadala. Lakini itakuwa miaka, na mimi si chuma. Nataka mahali pa kupanda nikalie. Nataka mlango mmoja ndani ya nyumba ile ambao huwezi kunifuata."

Chini mwenye duka la vipuri alikuwa akigonga rimu. Alipiga, akaacha, akapiga tena. Baba Mapacha aliinamisha kichwa, na machozi yakamdondokea mapajani. Hakuyafuta. Mkewe naye hakumfuta, aliusogeza tu mkono wake ukagusana na wa mumewe juu ya meza yangu.

"Mama alitunzwa na dada yangu mkubwa," alisema Baba Mapacha hatimaye. "Alikuwa akilia nyuma ya tangi la maji. Sote tulikuwa tunamsikia." Akavuta pumzi. "Ngazi utaziweka wapi, mchoraji?"

"Mwisho wa korido panafaa," nilisema. "Mbali na chumba chenu."

"Hapana. Ziweke karibu na meza yangu. Akiwa anashuka nisikie, nijitayarishe kumpokea."

Nikazichora palepale mbele yao, ngazi kumi na sita.

Nyumba ilichukua miezi kumi na minne. Siku ya kuhamia, Baba Mapacha alikuwa bado anatembea kwa mkongojo. Aliomba apande juu mara moja tu. Mkewe alikwenda nyuma yake, mikono imekunjuliwa lakini haimgusi. Ilimchukua karibu robo saa. Alikaa kwenye kiti cha chumba kile, akachungulia dirishani, akasema, "Pazuri," kisha akateremka kwa makalio, ngazi moja moja, huku mabinti wakimcheka na yeye akiwacheka. Hakupanda tena. Mwaka uliofuata kiti kilikuja, kikapita milango yote bila kugusa fremu.

Habari ya kipimo waliwaambia mabinti walipotimiza miaka kumi na minne. Mmoja alisema atapima akifika umri wa kujiamulia, mwenzake akasema hatapima kamwe. Wazazi waliwaacha kila mmoja na lake.

Mama Mapacha nilimwomba msamaha, si mara moja. "Nilishakusamehe," alinijibu siku moja. "Ila ukiangalia tena rula nitajua."

Mwezi uliopita alinipigia simu, akataka niende na futi ya kupimia. Nilidhani kuna mlango unakwama. Alinipokea getini, akaniongoza moja kwa moja hadi nyumba ya pili.

"Hawa wana ngazi mbili mbele," alisema. "Baba Mapacha ana miaka miwili hajaingia kwa jirani yake. Wanaongea kupitia ukuta, kama wafungwa. Nimeshazungumza na mwenye nyumba, amekubali."

Baba Mapacha alikuwa barabarani kwenye kiti chake, anatusubiri, kofia kichwani. Sauti yake sasa imekuwa nzito, maneno yanatoka moja moja. Alisema mteremko usiwe mkali, maana anayemsukuma ni mwalimu, si mbeba mizigo. Jirani alicheka, akachuchumaa, akanishikia ncha ya futi, nami nikaanza kupima.