Hewa ya Chumba cha Chini

Kila mtu hapa Ndosho, mjini Goma, hulipa vijana wavunje mawe ya volkano ya Nyiragongo na kuyatoa uani. Mimi nilinunua mawe, nikayaweka sebuleni katika sanduku la kioo, ndani ya maji ya chumvi. Hivyo ndivyo jirani yangu Lucie alivyousimulia mtaa mzima, na kila alipokuja kuomba moto alinichokoza upya.

"Mama Mawe! Nyiragongo haikukupatia ya kutosha?"

Si mawe. Ni matumbawe, viumbe hai wa baharini wanaojijengea nyumba ya chokaa kidogo kidogo, na niliyanunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama Goma. Mchana kutwa nauza vitenge Birere, nabishana na watu wanaoshika kitambaa kwa vidole vyenye mafuta halafu wanasema wanatazama tu. Jioni nikikaa mbele ya kile kioo, nikiyaona yakifunguka taratibu kwenye mwanga wa buluu, hasira hunishuka. Mwenye kucheka na acheke.

Ila hayakukua. Hayakufa, lakini hayakukua. Nilibadilisha taa. Niliagiza chumvi nyingine kwa madereva wa Kigali. Nilitia chokaa ya maji kila asubuhi, kwa matone, kama mtu anayempa mtoto dawa. Nina kipimo kidogo cha kuonyesha kama maji yamekuwa na uchachu: unadondosha dawa, yakigeuka zambarau ni mazuri. Yangu yalibaki kijani kibichi, siku zote, na katika maji machachu chokaa haishiki. Nilimlaumu Lucie na mbabula yake, jiko la makaa, aliyoiwasha chini ya dirisha langu. Tulitukanana mpaka akaihamisha, akanuna juma zima. Maji yakabaki kijani.

Wakati huo huo mama yangu alikuwa anadhoofika. Vita vilimtoa Masisi, akaishi chini ya hema Kanyaruchinya, na kambi ilipovunjwa alikuja kwangu. Nilimpa chumba cha chini, kile unachokiingia kwa kushuka ngazi, maana lava iliinua barabara na sehemu ile ya nyumba ikabaki shimoni. Kila asubuhi alitoka ameshika paji la uso.

"Patricia, mu hii chumba kichwa inaniuma sana. Na pumzi haifike."

"Ni uzee, mama. Na ile moshi ya kambi."

Nilimnunulia vidonge. Nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

Kisha betri ya sola ikaharibika. Ilikuwa kwenye chumba hichohicho, chini ya kitanda cha mama, na kando yake kulikuwa na pampu ndogo inayovuta hewa na kuisukuma kwa mpira hadi kwenye maji ya matumbawe. Fundi alipandisha vyote viwili barazani ili afanye kazi yake, akaviacha huko kwa sababu kifaa kimoja kilikosekana mjini. Nililalamika kwa sababu ya mvua. Siku chache baadaye nikadondosha dawa, na maji yakageuka zambarau. Nilirudia mara tatu, sikuamini macho yangu. Mwezi ule ncha za matumbawe zikawa nyeupe, na mfugaji yeyote atakuambia weupe wa namna hiyo ni wa kukua. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni kama mwendawazimu.

Fundi alimaliza. Nikarudisha betri na pampu chini ya kitanda. Kijani tena.

Nikakaa nikahesabu. Kilichobadilika ni kimoja tu, mahali pampu inapovuta hewa. Niliwasha mshumaa, nikashuka zile ngazi, nikapiga magoti kando ya kitanda cha mama na kuuteremsha polepole hadi sakafuni. Ukazimika. Nikauwasha tena. Ukazimika tena, bila upepo, bila moshi wa maana. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa. Mazuku. Hewa nzito inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kulala mabondeni, isiyo na harufu, inayoua mbuzi na watoto wanaocheza mashimoni. Na mimi nilikuwa nimemlaza mama yangu juu yake, shubiri chache tu.

Nilimvuta kitandani nusu nimebeba, nusu naburura, hadi barazani. Aliketi akivuta pumzi, akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mtu anayenipenda.

"Nilikuwambia kila asubuhi," alisema. "Mawe yako ilikatala kukua, ukasikia. Miye nilikuwa nasema na kinywa."

 Nilikuwa na hasira tu, na niliipeleka yote kwa mwenye nyumba.

Papa Cyprien alinipokea kwenye kiti chake cha plastiki na soda mkononi. "Mama, Goma yote iko juu ya mawe. Ile ni upepo ya kawaida."

"Mushumaa inazimika mu upepo ya kawaida?"

"Fungua dirisha," akasema, akanywa soda yake.

Nilirudi nyumbani. Lucie alikuwa langoni, akinikwepa macho, na hiyo ikanitosha. Nilimbana akasema. Wapangaji waliotangulia walifungia mbwa wao katika kile chumba cha chini, wakamkuta amekufa. Papa Cyprien akamwaga saruji sakafuni, akapaka rangi, akapangisha.

"Na haukuniambia?"

"Nilizania unajua. Kila mutu anajua."

Kila mtu anajua! Wananicheka kwa mawe yangu, wanakuja kuomba moto, wanamwona mama yangu anatoka asubuhi akishikilia ukuta, na kila mtu anajua. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilipata chumba cha ghorofani upande wa Birere. Mama alikwenda kwanza, matumbawe baadaye, kwenye ndoo zilizofunikwa. Siku ya kukabidhi nyumba Papa Cyprien alikuja na mpangaji mpya, kijana aitwaye Onésime, mwenye godoro kichwani. Mkewe na mtoto, alisema, wangekuja jioni. Chumba cha chini kilikuwa tayari kimefagiliwa, na harufu ya rangi mbichi ilitufikia mlangoni.

"Ufunguo," akasema Papa Cyprien, akanyoosha mkono.

Niliutupa chini, ndani ya chumba kile. Ulipiga sakafu, ukateleza hadi kwenye kona ya ndani kabisa, pale saruji ilipoanza kupasuka.

"Uko pale, papa. Piga magoti uchukue. Halafu ukae chini kidogo, upumuzike."

Alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta mashahidi. Hakuna aliyecheka naye. Onésime, kwa adabu tu, akashusha godoro na kuanza kuteremka ngazi. Nilimzibia mlango kwa mkono wangu.

"Hapana weye. Yeye."

Papa Cyprien aliutazama ufunguo. Alitazama ile kona. Mguu wake mmoja ulishuka ngazi ya kwanza, ukarudi.

"Acha tu," akasema. "Nitatengenezesha ingine."

Onésime aliuona ule mguu ukirudi. Kisha akajitwisha godoro lake na kuelekea barabarani.